Mstari uliokatwa: kisa cha mgongo wa Afande

Katika ukurasa wa kwanza wa faili hili kuna mstari uliokatwa kwa kalamu ya bluu. Chini ya mkato maneno bado yanasomeka: "Mapigo ya haraka, yanateleza. Utando wa ulimi mnene, wa njano." Pembeni, kwa mwandiko uleule ila mdogo zaidi, pameandikwa: "Mapigo ya haraka, membamba. Ulimi mwekundu, utando haba." Mgonjwa ni yuleyule, saa ni ileile, na aliyeandika ni mtu mmoja. Kilichotokea katikati ni kwamba alisoma karatasi ya mtabibu mwingine, kisha akapokea ujumbe kutoka kwangu.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaofanya tiba ya sindano ya Kichina, hasa vijana ambao kila siku hunipigia simu kuuliza, "Mwalimu, niko sawa?" Mgonjwa na mtabibu wote wawili wameniruhusu. Nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Mambo ya tiba nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Mgonjwa ni mwanajeshi mstaafu wa miaka 58, mkazi wa Bombo, ule mji wa kambi kwenye barabara ya Gulu ambako Kinubi, Kiganda na Kiswahili hupishana katika sentensi moja. Alikuja kliniki akitembea wima, mkono mmoja kiunoni, mkewe nyuma yake amebeba bahasha ya picha na karatasi. Aliyempokea ni muuguzi wa miaka mingi wodini ambaye kwa miaka miwili sasa anafanya akupancha chini ya usimamizi wangu. Nitamwita Sista, kama wagonjwa wanavyomwita. Yeye alimwita Afande tangu salamu ya kwanza, na mzee akalegea kidogo usoni. Kwa wazee wa jeshi la hapa Uganda, Kiswahili ni lugha ya kazi na ya heshima, na maelezo yake ya maumivu yalikuwa mafupi kama ripoti: mgongo wa chini, miezi minne, jasho usiku, nguvu zimeisha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na muhtasari kutoka kliniki moja ya mjini Kampala, umeandikwa na mtabibu wa sindano aliyetutangulia sote kwa umri na uzoefu. Ulisema: upungufu wa yin ya figo, yin ikiwa ule upande wa mwili unaopoza na kulowanisha. Sindano kumi, yaani safari kumi, kwenye pointi za Shenshu, Taixi, Fuliu, Sanyinjiao. Afande alikuwa amefanya nne, akaacha kwa sababu ya nauli.

Lazima niseme wazi kwamba utambuzi ule haukuwa wa kipuuzi. Maumivu ya kiuno ya muda mrefu, uchovu, jasho la usiku na joto mwilini jioni: ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili, atakujibu yin ya figo kabla hujamaliza sentensi. Ndivyo vitabu vinavyofundisha, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila picha hiyo ina nusu ya pili. Yin ikipungua, ulimi huwa mwekundu na utando wake hupungua au huisha kabisa, na mapigo huwa ya haraka lakini membamba, kama uzi chini ya kidole. Kuna hali nyingine inayoleta joto la jioni na jasho lisiloleta nafuu, nayo ni joto lililoshikana na unyevu. Hapo utando wa ulimi huwa mnene, wa njano, wenye mafuta, na mapigo huteleza kama shanga zinazobiringika sahanini. Kwa maelezo ya mgonjwa peke yake, hali hizi mbili huweza kufanana kama pacha. Ulimi na mkono ndivyo vinavyozitenganisha, na hilo ndilo lililofanya neno lililokatwa liwe na uzito.

Neno "figo" lilikuwa limemletea mzee matatizo mengine pia. Kwetu sisi watu wa sindano, figo ni jina la mfumo mzima wa nguvu za mwili. Kwa mgonjwa, figo ni figo. Afande alikuwa akinywa maji lita nyingi kwa siku na ameacha chumvi, akiamini figo zake zinakufa. Hakuna aliyemweleza tofauti. Nawaomba wenzangu, mkitumia neno hilo mbele ya mgonjwa, limalizeni.

Siku ya kwanza Sista alifanya jambo jema bila kujua. Alimchunguza Afande kabla ya kufungua bahasha, kwa sababu mama, yule mkewe, alikuwa bado ameishikilia. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akapita mahali pote patatu, cun, guan na chi, kulia na kushoto. Alihisi mtelezo. Aliuangalia ulimi, akaona utando wa njano. Akaandika. Kisha mama akatoa bahasha.

Alinieleza baadaye kilichompita moyoni, nami nayaweka hapa kwa ruhusa yake kwa sababu najua hayuko peke yake. Alisema: "Nilisoma lile jina chini ya karatasi, nikaona aibu, kana kwamba nimekamatwa nikidanganya. Nikawaza, huyu ana miaka ishirini kwenye kazi, mimi nina miwili. Nikarudisha vidole. Mara ya pili mtelezo sikuuona tena vizuri. Niliona wembamba."

Akapiga picha ya ulimi kwa simu, taa ya simu ikiwaka, akanitumia kwa WhatsApp: "Mwalimu, yin xu?" Yaani, ni upungufu wa yin? Mimi nilikuwa ndani ya teksi, tumesongamana, jua la saa sita. Nikaona kitu chekundu kwenye kioo. Nikajibu maneno matatu: "Naona nyekundu. Endelea." Picha ya ulimi iliyopigwa kwa mwanga mkali wa simu hufanya karibu kila ulimi uwe mwekundu na hufuta utando. Hilo nalijua, na nimelifundisha darasani. Siku ile nilijibu kwa sababu kumjibu haraka mtu mwenye wasiwasi hunipa raha, naye alikata mstari wake kwa sababu yangu. Kosa hili nalihesabu kuwa langu kwanza.

Sindano zikaendelea, mara moja kwa wiki, saa tatu asubuhi, pointi zilezile za kuulea yin. Baada ya sindano ya kwanza Afande alilala usingizi. Baada ya ya pili alisema mgongo umepoa siku tatu. Kila mmoja akafurahi. Wiki ya tatu jasho likarudi, wiki ya nne likapungua tena. Sista aliandika "maendeleo, polepole". Leo nikiyasoma maandishi yale naona homa inayopanda na kushuka kwa mawimbi yake yenyewe, na sisi tunajipa sifa kila wimbi linaposhuka. Ni mtego mbaya kuliko kutopata nafuu kabisa. Tiba isiyofanya kitu hukulazimisha kufikiri upya, lakini ugonjwa wenye mawimbi hukupongeza.

Wiki ya tano nilikuwa napitia mafaili, kama nifanyavyo kila mwisho wa mwezi, nikaukuta mkato. Nilimwita, nikamwuliza kwa upole kwa nini aliukata. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kwa sababu haukulingana."

"Haukulingana na nini? Na Afande, au na karatasi?"

Hakujibu. Alianza kulia, na mimi nikaona kwamba hili si jambo la kusahihisha mbele ya dawati. Tukapanga Afande aje tena, safari hii alasiri, ili mwili wake tuuone katika saa ambayo hatukuwahi kuuona.

Siku hiyo nilimwomba Sista aache faili kwangu, aingie chumbani na karatasi nyeupe tu. Nilimwambia sitaingia, sitapima mapigo, wala sitaangalia ulimi mpaka awe ameandika, kwa kalamu, na kutia sahihi. Afande alikuwa ameambiwa asinywe chai ya viungo tangu asubuhi, kwa sababu chai nzito, kahawa na tangawizi hupaka ulimi rangi, na Sista alitaka kuwa na hakika kwamba njano ile ni ya mwili. Alimkalisha dirishani, mwanga wa kawaida. Alichukua muda wa karibu saa nzima. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na mama, na hapo nikasikia jambo la kwanza ambalo hatukuwa nalo kwenye faili. Mama alisema shuka za Afande zinanuka, "kama majani ya ng'ombe yaliyolowa, yakawekwa ndani." Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia Sista. Akasema ndiyo, siku ile ya kwanza.

Sista alipotoka nilimwuliza. Alikumbuka. Hakuandika kwa sababu aliona ni maneno ya nyumbani. Lakini uchunguzi wetu una njia nne tangu zamani: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kugusa. Harufu ya jasho imo ndani ya njia ya pili, imekaa pale miaka zaidi ya elfu, na mama wa watu alituletea bure.

Haya ndiyo aliyoyaandika kwenye karatasi nyeupe, kwa ufupi. Joto la mwili saa kumi jioni, nyuzi 38.2. Asubuhi zote nne zilizopita hatukulipima, na hata tungelipima pengine tungekuta la kawaida. Ulimi: rangi ya kawaida hadi nyekundu kidogo, utando mnene wa njano, wenye mafuta, hasa nyuma. Mapigo: ya haraka, yanateleza, yana nguvu mahali pa chi pande zote mbili. Aliongeza maneno haya, ambayo niliyapenda sana: "Nina hakika na mtelezo. Sina hakika na nguvu ya chi ya kulia." Uzito wa mwili umepungua kilo sita kwa maneno ya mgonjwa, na mkanda wake una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Maumivu huzidi usiku. Kuinua mguu ulionyooka, hakuna shida. Anatembea kwa visigino na kwa vidole. Haja ndogo na kubwa ni kawaida, hana ganzi mapajani.

Kisha aligonga uti wa mgongo, pingili moja moja, kwa ngumi laini. Pingili zote zikanyamaza isipokuwa moja ya kiuno, ambapo Afande, mtu aliyepigwa risasi vitani na halalamiki, alivuta pumzi kwa meno. Sista akaendelea chini, akarudi juu, akagonga tena bila kumwambia amefika wapi. Palepale.

Ndipo akauliza maswali ambayo jina la "figo" lilikuwa limeyazuia. Baada ya jeshi unafanya nini, Afande? Kumbe ana ng'ombe upande wa Nakaseke. Kwenye faili letu palikuwa pameandikwa "Kazi: mstaafu". Maziwa unayanywaje? Mabichi, ya moto kutoka kiweleni, tangu utotoni. Kuna ng'ombe aliyetupa mimba? Wawili, mwaka huu, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasaidia, kwa mikono mitupu.

Mtu yeyote aliyefanya kazi ya afya katika ukanda wa mifugo wa Uganda anajua sasa tunaelekea wapi. Sista alijua pia. Alikuwa muuguzi kabla ya kushika sindano, na maarifa hayo hayakumtoka. Yalikuwa yamekaa nyuma ya karatasi ya mtu mwingine, yakisubiri ruhusa. Alisema, "Leo sitachoma. Namwandikia rufaa." Hakuniuliza kama yuko sawa. Aliandika barua yenye mambo sita: homa ya jioni, jasho lenye harufu, kupungua uzito, pingili moja inayouma ikigongwa, maziwa mabichi, ng'ombe waliotupa mimba. Mwishoni akaomba wachunguze bruselosisi, ugonjwa wa bakteria ya brusela unaotoka kwa mifugo, na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Habari za mapigo na utando hakuziweka kwenye barua, na alifanya vyema, kwa kuwa daktari wa hospitali hana matumizi nazo. Zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake.

Ya hospitali nitayapitia haraka. Malaria haikuonekana. Kipimo cha haraka cha brusela kilikuwa chanya, lakini kipimo hicho kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo, hivyo walirudia kwa kipimo cha viwango na kikawa juu. Eksirei mpya ilionyesha ukingo wa mbele wa juu wa pingili ya nne ya kiuno umelika, wakati nafasi ya pingili na pingili ikiwa bado imehifadhiwa. Daktari alichukua siku kadhaa zaidi kujiridhisha kwamba si kifua kikuu, na alikuwa na sababu nzuri. Rifampisini ni dawa ya magonjwa yote mawili, na ukimpa mgonjwa wa kifua kikuu dawa hiyo kwa mpango wa brusela, unaweza kumjengea usugu. Alipojiridhisha alimwanzishia doksisaiklini na rifampisini kwa miezi mitatu, pamoja na sindano za jentamaisini siku saba za mwanzo. Brusela ya kawaida hutibiwa kwa wiki sita, lakini ikishaingia kwenye mfupa wa mgongo wiki sita hazitoshi. Mkewe pia alipimwa. Maziwa yanachemshwa sasa nyumbani kwao, ingawa mzee bado anasema hayana ladha.

Sasa narudi kwa Sista, kwa sababu sijaandika haya kufundisha brusela.

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema: kumbe alikuwa sahihi tangu mwanzo, angejiamini tu. Sikubaliani nao. Tuseme angeuacha mstari wake bila kuukata, akashikilia joto na unyevu, akachoma pointi zake, Yinlingquan, Quchi na Weizhong, kwa wiki tano. Angekuwa amesoma ulimi na mapigo vizuri kuliko mzee wa Kampala, na ugonjwa ungeendelea kula mfupa vilevile. Mapigo yanayoteleza hayasemi brusela. Mwanamke mjamzito huwa nayo, na mtu mwenye afya aliyetoka kula anaweza kuwa nayo. Mtelezo ule ulikuwa na uwezo wa kusema jambo moja tu: hadithi iliyoandikwa kwenye karatasi hii ina tundu. Na tundu likishaonekana, maswali hupita.

Kwa hiyo kujiamini ninakokutafuta kwa vijana wangu ni kudogo kuliko wanavyodhani, na ni kugumu zaidi. Sitaki wawe na hakika na jina la ugonjwa. Nataka waweze kuandika walichokihisi, kama walivyokihisi, na kukiacha kimesimama pale karatasini hata kama kinamwaibisha mtu mkubwa, mpaka kitu kingine walichokiona wenyewe kikiondoe. Uamuzi unaweza kubadilika mara tatu kwa siku. Alichokihisi kidole hakibadilishwi na jina la aliyetangulia.

Tumelelewa kwa methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na mimi naiheshimu, imenilea. Lakini mkuu wa Kampala hakuwa chumbani siku ile. Alimwona Afande wiki saba kabla, huenda siku ambayo homa ilikuwa imelala, ulimi ukiwa msafi. Huenda alichoandika kilikuwa kweli kwa siku yake. Kumheshimu kwa haki kungekuwa kuandika: "Yeye aliona hivi, mimi naona vile, zimepita wiki saba." Badala yake Sista alimheshimu kwa kufuta macho yake mwenyewe, na hakuna mkubwa mwenye akili anayetaka heshima ya namna hiyo. Mimi siitaki.

Nimewaza sana pia kuhusu mara ile ya pili aliporudisha vidole na kweli akahisi wembamba. Hakudanganya. Mapigo ni kitu laini mno, na ukiyauliza ukiwa tayari na jibu, yatakupa jibu hilo. Wachina walioanza kuyaandika kwa mpangilio, karne ya 3, waliorodhesha aina 24, na walikiri tangu wakati huo kwamba ni rahisi kuyaelewa moyoni na vigumu kuyatambua chini ya vidole. Siku hizi imepimwa. Kati ya 2004 na 2005 watafiti wa Marekani waliwapa watabibu watatu wagonjwa walewale wapatao 40 wa ugonjwa wa viungo, kila mtabibu akiwa peke yake. Walikubaliana juu ya utambuzi kwa takriban theluthi moja tu ya mara. Mtu akiisoma habari hiyo kwa pupa atasema basi kazi yetu ni kubahatisha. Lakini kundi hilohilo lilichapisha kazi nyingine 2008: baada ya watabibu kufanya mafunzo ya pamoja na kukubaliana nini wanaita nini, makubaliano yao yalipanda wazi. Kwa hiyo vidole hufundishika, ila lazima vifundishwe kando ya vidole vingine, na kila mtu awe ameandika kabla ya kusikia. Mafunzo ya kumsikiliza mwalimu akitangaza "hapa pana mtelezo", kisha wanafunzi kumi wakapanga foleni kuuhisi, hufundisha utii tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifundisha. Nilijifunza hivyo kwa walionitangulia, sikuwahi kulihoji.

Tumebadilisha mambo machache kliniki, na nayasema kwa sababu hayahitaji fedha. Karatasi za mgonjwa za nyuma zinakaa kwa mapokezi mpaka mtabibu aandike uchunguzi wake na kutia sahihi. Haturuhusu kukata. Ukibadili mawazo unaandika chini yake, na saa, na sababu. Kando ya kila ulichokiona unaweka nukta moja hadi tatu za uhakika, wazo ambalo ni la Sista mwenyewe, lililotokana na ile sentensi yake kuhusu chi ya kulia. Nukta hizo zimenifundisha kuwajua watabibu wangu. Kuna mmoja huweka nukta tatu kila mahali, na sasa yeye ndiye ninayemhofia. Joto la mwili tunalipima kila safari, hata kwa mwenye bega. Mgonjwa asiyebadilika baada ya sindano tatu huanza upya kwenye karatasi nyeupe, na aliyebadilika kwa mawimbi pia.

Mimi sijibu tena picha za ndimi kwa simu. Hili limekuwa gumu kuliko yote. Mtoto wa kazi akikuandikia usiku, "Mwalimu, niko sawa?", moyo unataka kumtuliza. Sasa namwandikia: "Umehisi nini, na ungeuliza nini kinachofuata?" Mwanzoni walinuna. Mmoja alimwambia Sista kwamba nimekuwa mkali tangu kisa cha Afande. Inawezekana. Namjua mtu mmoja aliyekaa wiki tano na bakteria kwenye mfupa wa mgongo kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kufariji.

Hili linazidi kuwa na uzito kadiri kazi yetu inavyotambuliwa. Sindano ya Kichina si ngeni nchini. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Uganda tangu 1983, na tangu 2019 tuna sheria inayosimamia tiba ya asili na tiba shirikishi. Wagonjwa wanakuja kwetu kabla ya hospitali kuliko zamani, wengine hawajaonwa na mtu yeyote mwingine. Chumba chetu kinaweza kuwa mlango wao wa kwanza, na kwa Afande nusura kiwe mlango uliofungwa.

Mwezi wa pili wa dawa Afande alirudi kwa ajili ya ukakamavu wa misuli ya kiuno uliobaki baada ya homa kuisha. Daktari wake alikubali tumchome, mbali na pingili iliyoumia. Alikuwa ameongezeka uzito, mkanda umerudi tundu moja nyuma. Sista alimwambia, "Karibu, Afande," naye akajibu, akimwita kwa neno la Kiganda la mhudumu wa afya, "Musawo, leo utanichoma au utanifukuza tena?" Wakacheka wote wawili.

Alimchunguza akaandika. Kisha mimi nikaingia, nikapima, nikaandika kwenye karatasi yangu, tukaziweka mezani pamoja. Yeye: mapigo ya kawaida kwa kasi, laini, dhaifu kidogo mahali pa guan ya kulia, nukta mbili. Mimi: ya kawaida kwa kasi, bado mtelezo kidogo, nukta mbili. Nilipima tena. Bado niliuhisi. Yeye akapima tena, hakuuhisi. Tulitazamana. Zamani angechukua kalamu.

Safari hii aliandika zote mbili, lake na langu, na saa. Akachagua pointi kwa alichokihisi yeye, Zusanli, Weizhong na nyingine mbili, kwa kuwa mgonjwa ni wake. Afande atarudi Ijumaa ijayo, alasiri, na tutapima tena kila mtu peke yake.